Mhunzi wa Kirumi na makaa ya mawe: kweli au tunambambikia?

Mleta mada:
Wakuu, nimechoka kusikia kwamba makaa ya mawe yalianza na Waingereza wa karne ya 18, na kabla yao wahunzi wote walikuwa wa mkaa tu. Theophrastus, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kuhusu mawe. Humo anayataja mawe yanayochimbwa Liguria, kule Italia, na Elis, kwenye njia ya kwenda Olympia. Yanashika moto kama mkaa, na wanaoyatumia ni wafua vyuma. Roma yenyewe ilikuwa bado haijawa dola! Njooni sasa Uingereza ya Kirumi: kufikia mwishoni mwa karne ya 2 BK, karibu maeneo yote makubwa ya makaa ya mawe yalikuwa yanachimbwa. Yamefukuliwa Corbridge, Heronbridge karibu na Chester, na Housesteads, ngome ya jeshi kwenye Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, ambako yalikutwa kwenye chumba cha walinzi wa lango. Warumi walifanyia kazi chuma kwa makaa ya mawe. Anayepinga alete hoja.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umechanganya kazi mbili. Kutoa chuma kwenye mawe yake ni kazi moja, kukifua ni nyingine. Kwenye tanuri, mawe ya chuma na kile kinachochomwa vinapangwa pamoja, vinagusana kwa masaa huku mivukuto ikipuliza. Makaa ya mawe yana salfa, na salfa ikishaingia kwenye chuma, ukikipiga nyundo kikiwa chekundu kinapasuka mikononi mwako. Abraham Darby, Mwingereza, alipofanikiwa kutoa chuma kwa njia hiyo Coalbrookdale mwaka 1709, alitumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili uchafu utoke. Mrumi hakuwa na ujuzi huo. Nenda Weald, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako kikosi cha majini cha Classis Britannica kilikuwa na mkono kwenye uzalishaji wa chuma. Mavi ya chuma, yaani takataka za tanuri, ya Beauport Park yalikuwa kilima kizima, mpaka karne ya 19 watu wakayachota miaka na miaka kujengea barabara. Kilima kile chote ni kazi ya mkaa wa miti.

Mleta mada:
Nilisema kukifanyia kazi chuma, sikusema kukitoa kwenye mawe. Kwenye kufua, chuma kimeshakuwa chuma. Kinapashwa kidogo, kinatolewa, kinagongwa, kinarudishwa. Salfa inaishia kwenye ngozi ya chuma tu.

Mchangiaji wa 2:
Solinus, mwandishi wa Kirumi, mmemsahau? Karne ya 3 anasimulia hekalu la mungu wa kike Minerva huko Uingereza, moto wake hauachi majivu meupe, ukififia unageuka madonge ya mawe. Wengi wanasema ni hekalu la mji wa Bath, na makaa ni ya eneo lake la Somerset.

Mchangiaji wa 1:
Hekalu si karakana ya mhunzi. Na hata hayo ya Housesteads, nani kasema ni ya kufulia? Askari aliyelinda lango kwenye baridi ile ya kaskazini alihitaji kuota moto kama binadamu mwingine yeyote.

Mleta mada:
Basi twende kwa Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, kitabu cha 34. Anaeleza shaba ya Campania, kule Italia, halafu anasema kwingine wanaongeza madini ya risasi na kuipika upya kwa "carbo", kwa sababu ya uhaba wa kuni. Neno hilo la Kilatini ni kama "makaa" letu: usipoongeza "ya mawe", msikilizaji anabaki kukisia. Sasa nijibuni: mkaa unatoka kwenye kuni. Asiye na kuni, mkaa ataupata wapi?

Mchangiaji wa 3:
Mkuu, wewe unaishi mjini? Hapa kwetu kuni za kupikia huzioni, ila mkaa umejaa kila kona kwa magunia. Mkaa ni mwepesi, unachomwa huko porini ukasafirishwa mbali. Kuni ni mzigo, haziendi mbali bila kukula nauli. Uhaba wa kuni alioutaja Pliny unaweza kuwa uhaba wa pale pale tu.

Mleta mada:
Hapo umenibana. Pliny namweka pembeni, na makaa ya langoni Housesteads pia nayaacha, waote moto. Ila Theophrastus kataja wafua vyuma kwa kazi yao, na Corbridge kulikuwa na karakana za jeshi. Hivyo viwili siviachii.