Tupeane uzoefu: hadithi za picha za kinyama anayetoka kwao, huwa zinakwama wapi?

KalamuButu: Wakuu, kuna miswada ya kifaranga anayetoka bandani halafu anarudi "jasiri" kwa sababu mama kamfukuza mwewe. Hapo jasiri ni mama! Mdogo amalize mwenyewe, kwa kitu tulichokiona kwake mapema: sauti kali, au mwili wa kupenya uzio.

BiRangi: Umemaliza.

MkunjoWaKati: Wengi wanaiua kwenye mpangilio. Kitabu cha kubana kwa pini kinataka kurasa zinazogawanyika kwa 4. Chukua 24: ya 1 jina, ya 2 hakimiliki, ya 3 kinyama yuko kwao, ya 4 awe ameshatoka. Mngurumo wa chui uweke ukurasa wa kulia, chui mwenyewe aonekane mtoto akifunua. Ukiwaweka chui na mngurumo wake pamoja, hofu imekwisha kabla haijaanza. Uso wa mhusika ukae mbali na mkunjo, sentimita 1 hivi, la sivyo pini inamtoboa jicho. Picha inayofika ukingoni iongezee milimita 3 za kukatwa. Balaa lenyewe ni usiku: kwenye kioo cha kompyuta, kwa RGB (rangi za mwanga), msitu unawaka, ukigeuzwa CMYK (rangi za wino wa kuchapia) bluu inazama, komba hayupo, yamebaki macho. Na nakala elfu zimeshachapwa hivyo! Chapisha karatasi moja ya majaribio kwanza.

BiRangi: Elfu?? Pole yake mwenye pesa.

PwaniMoja: Tumia kasa. Anatoka kwenye yai, mama anamngoja majini.

KobeMzee: Anamngoja nani? Kasa akishataga anafukia na kuondoka. Watoto wanatoka baada ya kama miezi miwili, kwa kawaida usiku, wakifuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa za hoteli zinawapoteza. Hadithi hiyo hapo, mama wa nini?

PwaniMoja: Bwana, ni hadithi. Hata sungura haongei.

KobeMzee: Aongee tu. Ila mtoto wa kisiwa cha Mafia anawajua kasa, atakucheka.

KalamuButu: Ukitaka mama, mchukue komba. Humwacha mtoto tawini usiku akaenda kutafuta chakula.

SomaNami: Maneno je? Anayeanza kusoma mpe 10 kwa ukurasa.

BiRangi: 10? Cha kusomewa na bibi weka hata 50.

SomaNami: Bibi mwenyewe atasinzia kwenye 30.

PwaniMoja: Basi kasa wangu hana mama. Nimpe shangazi?