Mjadala: Serikali ikidai kipimo mpakani, nani alipe?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja na naomba ipingwe bila kuoneana aibu. Wakati wa janga, nchi ina haki ya kumtaka msafiri apimwe kabla hajaingia. Hilo silibishi. Ninachobisha ni malipo. Anayedai kipimo ndiye agharamie kipimo.

Kumbukeni Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, Januari 2022. Uganda ilitaka madereva wa malori wapimwe Korona mpakani kwa dola 30. Madereva wakagoma. Malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi upande wa Kenya, mafuta yakaadimika Uganda, bei ya petroli ikapaa, na hatimaye ada ile ikaondolewa.

Madereva wakaitwa wakorofi. Mimi nasema sheria ilikuwa upande wao. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zetu zote za Afrika Mashariki zimezikubali, zina kifungu cha 40. Kinakataza nchi kumtoza msafiri kwa uchunguzi wa afya inaoutaka yenyewe, kwa karantini, na hata kwa cheti cha matokeo. Wanaoachwa nje ni wale wanaokwenda kuomba ukaazi. Dereva aliyebeba saruji kwenda Kampala haombi ukaazi.

Dereva, njia ya Mombasa–Kampala

Mimi niko kwa hiyo barabara, kwa hivyo acha niseme. Watu wanafikiri hizo dola 30 zilikuwa za tajiri wa gari. Kuna matajiri walilipa, kweli. Wengine walikwambia utoe kwa pesa yako ya njiani, ukirudi mtaongea, na ukirudi hakuna cha kuongea. Na ile ilikuwa safari moja. Mwezi uko na safari ngapi?

Kitu kingine ni huko kungoja. Unaambiwa corona ni hatari, kaa mbali na mwenzako, halafu mnarundikwa pamoja mkingoja matokeo, choo ni kile kimoja, maji mnanunua kwa mtungi, mama wa chakula anapita dirisha kwa dirisha. Kama kulikuwa na mgonjwa mmoja kwa hiyo foleni, sisi wote tulikula naye.

Mhasibu, Dar es Salaam

Mkuu mleta mada, kifungu chako nimekielewa, lakini hujasema fedha zinatoka wapi. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Mashine zinahitaji umeme na mafundi. Mwaka 2021 Tanzania Bara ilimtoza msafiri dola 10 kwa kipimo cha haraka uwanja wa ndege. Mtu aliyelipa maelfu ya dola kuja kuona nyumbu Serengeti anashindwaje dola 10? Ukisema apimwe bure, maana yake muuza nyanya wa Kariakoo amlipie kupitia kodi ya sabuni anayonunua. Hiyo ndiyo haki unayoitaka?

Kwa madereva nakubali, wapimwe bure. Kwa watalii, hapana.

Mleta mada

Ndugu mhasibu, hoja ya muuza nyanya ni nzito na siikwepi. Ila mtalii huyo tayari analipa viza ya dola 50, na Mmarekani analipa 100. Kama nchi inahitaji fedha za maabara, izitafute humo, kwenye tozo ambayo msafiri anaijua tangu akiwa kwao. Hapo muuza nyanya hadaiwi kitu.

Ninachoogopa zaidi ni hiki. Serikali inayotoa fedha zake mfukoni itajiuliza kila wiki kama kipimo bado kinasaidia. Itapima panapohitajika, itaacha pasipohitajika. Serikali inayoingiza dola kwa kila pua haina sababu ya kujiuliza. Kufikia Januari 2022 kirusi cha Omicron kilikuwa kimeshasambaa Uganda na Kenya, kinaambukizana mitaani. Kumzuia dereva Malaba kulikinga nini wakati huo? Ningependa mtu wa afya anijibu.

Afisa afya wa mpakani

Nakujibu. Wakati ule, kwa kukinga maambukizi yasiingie, kulisaidia kidogo sana. Lakini msije mkadhani ukaguzi wa mpakani hauna faida. Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) nchini Kenya aligunduliwa Taveta, mpakani na Tanzania, msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Walioko pale mpakani ndio waliomwona.

Kwenye ada nakuunga mkono, kwa sababu ya kazini. Mtu akijua kuna kulipa, anatafuta njia za panya, na mimi siwezi kumpima mtu aliyepita kwenye mashamba ya watu usiku. Wengine wanakuja na vyeti vya kununua. Ada inanifukuzia hasa yule ninayemtafuta, mwenye homa na asiye na hela.

Lakini pia mnisikie upande huu. Mkitangaza bure bila kutenga bajeti, vipimo vinaisha mapema, kisha tunabaki na kipimajoto na daftari. Hapo hata hiyo haki ya msafiri inakuwa ya kwenye karatasi.

Mwana wa Tanga, London

Huku nako tulilipa. Januari 2021 Uingereza ilizuia wasafiri kutoka Tanzania, na Februari ikaanza karantini ya hotelini: pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Nilishindwa kwenda kumzika mjomba wangu kwa sababu kurudi kungenimaliza. Sasa mkuu unaniambia kifungu cha 40 kinakataza kumtoza msafiri kwa karantini. Uingereza nayo imezikubali kanuni hizo. Ningemshtaki nani, na wapi?

Mleta mada

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mjomba. Swali lako ndilo shimo la hoja yangu. Kanuni zipo, lakini msafiri hana mlango wa kugonga. Kuna shimo la pili pia: nchi ikisema "njoo na cheti kutoka kwenu", haikutozi yenyewe, unatozwa na maabara ya kwenu. Kifungu hakimfikii mwenye maabara.

Ndiyo maana naona tuanzie hapa kwetu. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili matokeo ya dereva yaonekane nchi nyingine na asipimwe upya kila mpaka. Mwaka mmoja na nusu baadaye tukaiona Malaba. Nataka kanuni hii iwe ya kisheria ndani ya Jumuiya: cheti kimoja, bila malipo, na nchi itakayokikataa imlipe dereva kwa siku alizokaa foleni.

Mhasibu, Dar es Salaam

Imlipe kutoka mfuko gani? Hapo bado hujanijibu.

Dereva, njia ya Mombasa–Kampala

Kutoka ule mfuko ulipokea zile dola 30.