Giligilani za bustanini: nivune lini kabla punje hazijapukutika?

Swali (mkazi wa Dar es Salaam)
Ndugu zangu, nawasalimu. Mwishoni mwa Machi nilipanda kotimiri nyuma ya nyumba, lakini badala ya kuendelea kutoa majani mimea ilirefuka, ikachanua maua meupe, na sasa imejaa punje za kijani. Nimeamua kuziacha ziive ili nipate giligilani za pilau. Tatizo ni kwamba nikizisugua kidoleni zinanuka kama kunguni, na zile chache zilizokwisha kukauka zinapukutika. Je, nikate sasa au nisubiri?

Jibu (mkulima, Lushoto)
Subiri kidogo, ndugu yangu. Harufu hiyo ni ya punje mbichi, nayo hutoweka zinapokauka. Punje haziivi kwa pamoja: vichala vilivyotangulia kuchanua hukauka wakati vya pembeni vingali vya kijani, kwa hiyo anayengoja zote zigeuke kahawia huishia kuokota chini. Mimi hukata punje zikiwa zimegeuka rangi kiasi cha theluthi mbili, tena alfajiri kabla umande haujakauka, kwa sababu saa hizo hazidondoki ovyo. Hukata shina kwa mkasi, nikaliingiza kichwa chini katika mfuko wa karatasi, nikafunga mdomo kwa uzi na kuutundika kivulini penye hewa kwa wiki mbili hivi.

Jibu (mpishi, Tanga)
Naongezea kuhusu kupanda. Kila punje ni tunda lenye mbegu mbili, hivyo viringisha chupa juu yake taratibu mpaka ipasuke, uloweke usiku kucha, kisha upande pale pale itakapokulia, maana mzizi wake mrefu haupendi kuhamishwa. Joto la pwani huiwahisha kuchanua. Ni hasara kwa mtaka majani, ila kwako wewe ni faida. Samadi usizidishe, kwani majani yatanawiri na punje zitachelewa.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nimezikagua leo, nusu zimegeuka, kwa hiyo nitakata wiki ijayo. Za kupanda tena nizihifadhi vipi?

Jibu (mkulima, Lushoto)
Zitenge kabla hujakaanga za pilau, kwa sababu iliyopita kwenye moto haioti. Zianike kivulini mpaka punje ivunjike ukiibana kwa kucha, ndipo uzitie kwenye kopo na kulifunika. Zikifunikwa zingali na unyevu huota ukungu.