Tupeane uzoefu: farasi wako aliwahi kufanya vituko na mguu wa nyuma?

Saisi_Karen: Wadau, habari za zizini. Nina jike wa miaka 5, wa kupandwa na wageni. Wiki ya tatu sasa, akitoka bandani asubuhi mguu wa nyuma wa kulia unabaki nyuma, umenyooka kama mti, ncha ya ukwato inakwaruza sakafu. Mara *tak!* unaachia, anaenda zake kama hakuna lililotokea. Bosi anasema ni uvivu. Aliyewahi kuona kitu kama hiki asimulie.

BabaPunda_Naivasha: Hiyo ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, inakwama, ndugu yangu. Farasi ana ufundi wa kulifunga goti la nyuma ili asinzie amesimama. Kano inanasa juu ya mfupa wa paja, sasa ya kwako inakataa kunasuka. Wangu alianza baada ya kufungiwa ndani mwezi mzima kwa jeraha, misuli ya paja ikaisha. Ikikwama nilikuwa namrudisha kinyumenyume hatua mbili, inaachia. Daktari akatuambia tumtembeze kwenye miinuko kila siku na tumwongeze chakula. Baada ya miezi 2 hivi ikapotea. Msimfungie ndani kwa kumhurumia, mtamharibu.

Mswahili_Barka: Salaam kutoka Oman. Huku nilikuwa na dume akienda mbele huoni kitu. Siku ya fundi wa kwato ndiyo kioja: ukiushika mguu unapanda juu, unatetemeka hewani, na mkia unainuka. Fundi akasema ana kiburi, akamchapa kibao. Nilipomrudisha nyuma nikaona ni vilevile. Daktari akasema hitilafu iko kwenye ubongo, dawa haina. Tangu hapo mguu tunauinua kidogo tu, chini chini, na anapumzishwa kila baada ya msumari mmoja au miwili ya kiatu.

Mwana_wa_Lamu: Wangu ni punda, mnisamehe. Jioni mzima, asubuhi hakanyagi. Mimi nikakanda nyonga siku mbili nzima, mafuta ya nazi chupa ikaisha. Kumbe jipu ndani ya ukwato! Ukwato ulikuwa wa moto, na mshipa juu yake ukidunda chini ya kidole. Lilipotobolewa, usaha mweusi, harufu usiseme.

Dada_Arusha: Mimi langu ni onyo. Farasi wangu alikuwa akiyumba nyuma kama mlevi, nikadhani amechoka, nikampanda. Kwenye mteremko miguu ikapishana, tukaanguka wote wawili, mkono wangu ukavunjika. Baadaye daktari alimzungusha kwenye duara dogo: mguu wa nje ukawa unatupwa mbali, mara anajikanyaga. Akauvuta mkia huku anatembea, akaja wote bila kukaza. Uti wa mgongo. Anayeyumba hivyo asipandwe mpaka aonwe.

@Saisi, mpige video. Ardhi ngumu, tambarare, simama nyuma yake. Atembee, kisha aende matiti, yaani mbio ndogo (msicheke, ndilo neno la wazee), duara pande zote mbili, mwisho arudi kinyumenyume. Tazama nyonga ipi inapanda zaidi.

Mswahili_Barka: Na apigwe hiyo video akitoka tu bandani. Akishapata joto anaficha.

Saisi_Karen: Asanteni sana. Leo saa 12 asubuhi ulikwama tena, nikamrudisha hatua mbili. *Tak.* Bosi alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama, akaniuliza namba ya daktari. Anakuja Alhamisi, video ninayo.