Dawa za presha za India: mama anasema ni feki

Binti Kisauni: Jamani, nisaidieni. Mamangu ana miaka 71 na presha anayo tangu niko shule. Mjomba alikuwa akimletea amlodipini kutoka Maskati, zile za boksi lenye jina kubwa. Sasa mjomba amerudi kabisa, nanunua hapa Mombasa. Nimepewa za India, bei haifiki hata nusu. Mama hataki. "Hizi feki, wataka kuniua?" Siku ya tatu leo hajameza, na asubuhi nimempima 178 kwa 104. Nimwambie nini?

Mfamasia wa Likoni: Pole dada. Mpeleke kliniki leo hii, na asimeze mbili kufidia. Hizo ni jeneriki: dawa ileile, ila hataza ya kampuni ya kwanza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ilishakwisha, basi kila kiwanda chenye kibali kinaweza kuitengeneza. Feki ni ile inayodanganya kilichomo au aliyeitengeneza. Hata sheria yetu ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia iliyachanganya haya. Watu 3 wanaoishi na VVU wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vile vinahatarisha haki yao ya kuishi. Nilikuwa nikigawa ARV, dawa za VVU, wakati huo, karibu zote za India. Wangeshindwa, sijui wagonjwa wangu ningewaambia nini.

Baba Zuhura: Lakini mama naye tusimdharau. Gambia mwaka 2022 walikufa watoto wasiopungua 66, na dawa za maji za kikohozi kutoka India zikakutwa na diethilini glikoli, ambayo ni sumu. Gambia yenyewe haikuwa na maabara ya kupimia dawa.

Mfamasia wa Likoni: Kweli, na mimi nina watoto, ile habari iliniumiza. Ndiyo maana nasema nunua penye kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, soma jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, weka risiti. Na dada, yale maboksi ya Maskati yalikuja ndani ya begi. Hapa Kenya hakuna aliyeyakagua.

Binti Kisauni: Tumetoka kliniki. Daktari amemwandikia hizohizo. Nimemsomea haya yote njiani, hiyo ya begi imemnyamazisha. Akavaa miwani, akaitafuta namba ya toleo mwenyewe, akameza. Ahsanteni sana.