Naomba ushauri: kisu cha mpini wenye uwazi, kisicholegea shingoni (ubapa unapoungana na mpini)

Wandugu, niko Bukavu na mara nyingi napanda milima ya Kabare au kuvuka ziwa kwenda Idjwi. Natafuta kisu kisichokunjwa, chenye uwazi ndani ya mpini niweke kiberiti, ndoano na uzi. Kitapasua kuni na kukata mianzi, kwa hiyo lazima kivumilie kupigwa gogo mgongoni mwa ubapa.

Vile vya bei rahisi vya sokoni vinanitia hofu. Ubapa una kijimkia kifupi tu, kimekazwa kwa nati ndani ya mpini wa alumini. Cha rafiki yangu kilichomoka akikata tawi, ubapa ukaruka karibu na mguu wa mtoto. Kwangu usalama kwanza, bei baadaye.

Navutiwa na Cold Steel Bushman: ubapa na mpini ni kipande kimoja, na ukichomeka fimbo unapata mkuki. Lakini ni chuma cha kaboni, na kwa mvua zetu hizi kutu haichelewi. Vya mtengeneza visu Chris Reeve, vilivyochongwa kutoka kipande kimoja cha chuma cha A2 (chuma kigumu cha zana), navipenda sana, ila bei siiwezi.

Wenye uzoefu, mpini wa chuma hautelezi mkono ukilowa? Mnaufunga kamba, au mpira wa baiskeli? Mafuta ya mawese yanazuia kutu au yanaganda tu? Na je, fundi akinichongea ubapa kwa springi ya gari kisha akachomelea bomba, ule moto hautaharibu ugumu wa chuma pale shingoni? Hilo ndilo linaloninyima uamuzi.