Mjadala: Mafunzo kazini kwa waandishi wa habari yawe lazima? Na nani alipe?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja inayotugawa kila tunapokutana. Je, mwandishi aliyeko kazini alazimike kurudi darasani kila baada ya muda, kama anavyolazimika rubani? Na kama jibu ni ndiyo, gharama abebe nani?

Niseme kwanza kilichonisukuma. Mwenzangu mmoja, mwandishi wa miaka mingi, alipata jedwali la malipo lenye mistari zaidi ya elfu moja. Alitaka kujua nani kalipwa fedha nyingi kuliko wote. Akachagua safu ya kiasi peke yake, akaipanga kutoka kikubwa kwenda kidogo. Kompyuta ikamuuliza kama ahusishe na safu za pembeni. Akajibu hapana bila kusoma swali. Kiasi kikahama, majina yakabaki palepale. Kila mtu kwenye jedwali lile akawa na fedha za mwenzake, na jina lililokaa juu kabisa lilikuwa la mtu aliyelipwa kiasi kidogo tu. Nilikuwa meza ya pili. Nililishtukia jina lile kwa sababu asubuhi nilikuwa nimelipitia jedwali kabla halijaguswa. Ukurasa ulibakiza chini ya saa moja kufungwa.

Mwenzangu yule si mvivu wala si mzembe. Anajua kutafuta habari kuliko wengi wetu. Ila chuoni hakufundishwa majedwali, na tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwambia: kaa nusu siku, acha habari ya leo, jifunze hiki. Na yule ambaye jina lake lingechapishwa angekwenda kudai heshima yake kwa nani?

Msimamo wangu ni kwamba mafunzo yawe lazima, lakini sheria imbane mwenye chombo, isimguse mwandishi. Kila anayekuandikia, wa kuajiriwa au wa kulipwa kwa habari, apate siku zake za mafunzo kila mwaka, ndani ya muda wa kazi, kwa fedha yako wewe mwenye chombo. Mwandishi asipohudhuria, hayo ni kati yake na mhariri wake. Chombo kisipotoa mafunzo, mmiliki aulizwe.

Nayatenganisha haya mawili makusudi. Brazil, chini ya utawala wa kijeshi, iliweka sharti la shahada ya uandishi mwaka 1969, na sharti hilo lilidumu hadi 2009 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilipolifuta. Kabla ya hapo, Novemba 1985, Costa Rica ilipoomba ushauri, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilisema kwamba kumlazimisha mtu kujiunga na chama cha waandishi ndipo aruhusiwe kufanya kazi hiyo, ikiwa kunamfungia njia ya kutumia vyombo vya habari, ni kinyume cha uhuru wa kujieleza. Naziunga mkono mahakama zote mbili. Mafunzo yakifungamanishwa na kibali cha kuandika, anayetoa kibali atakuwa na fimbo mkononi, na siku moja ataitumia kwa mwandishi aliyemuudhi.

Nawasilisha.

Mhariri wa dawati

Nimekusoma vizuri, na tukio la jedwali limenigusa. Lakini kwenye neno "lazima" hatuko pamoja.

Italia wana utaratibu huo. Tangu 2014 mwandishi aliyesajiliwa anatakiwa kukusanya pointi 60 za mafunzo kila miaka mitatu, na sehemu yake lazima itokane na masomo ya maadili. Ni nia njema. Ila wewe na mimi tunajua mtu akipewa pointi za kukusanya atafanya nini: atatafuta pale zinapopatikana kwa urahisi. Semina za namna hiyo nimezikalia nyingi. Mkufunzi anasoma yale yale yaliyoandikwa ukutani, mchana unafika, tunapiga picha ya pamoja, tunagawiwa vyeti, tunarudi kuandika kama tulivyokuwa tukiandika jana.

Kilichonifundisha kazi ni mtu. Nikiwa mgeni kabisa niliandika kwamba ukosefu wa ajira umepanda "kwa asilimia 2", kwa sababu ulikuwa asilimia 4 ukafika asilimia 6. Mhariri akaniita mezani kwake. Akachora vijiduara vinne kwenye karatasi, chini yake akachora sita. "Hawa wanne wamekuwa sita. Wameongezeka kwa kiasi gani?" Nikasema nusu. "Nusu ya wanne ni asilimia ngapi?" Hamsini. "Wewe umeandika mbili." Akanieleza kuwa kinachopanda kutoka 4 hadi 6 ni pointi mbili za asilimia, na kwamba hilo na asilimia mbili ni vitu viwili mbalimbali. Haikuchukua dakika tano, na tangu siku hiyo sijalirudia kosa lile.

Watu wa aina ile ndio wanaopunguzwa kwanza fedha zinapopungua. Chumba cha habari kikiondoa wahariri wasaidizi kisha kikapeleka vijana semina, kimebomoa shule iliyokuwa ndani ya nyumba kikaenda kununua cheti nje. Turudishieni wahariri, semina zitapungua zenyewe.

Mwandishi wa kujitegemea

Ndugu mhariri, wewe ulikuwa na meza ya kuitiwa. Mimi natuma habari kwa barua pepe, nalipwa, basi. Ikiwa na kosa, hawanipigii, wanaacha tu kuniagiza nyingine. Sitajua kosa lilikuwa wapi.

Na kuna mafunzo ambayo mtu hapaswi kujifunza kwa kukosea. Aprili 2011 mpiga picha Tim Hetherington alijeruhiwa Misrata, Libya, kwenye shambulio lililomuua pia mwenzake Chris Hondros. Hetherington alikufa kwa kupoteza damu akiwahishwa hospitali. Rafiki yake Sebastian Junger, baada ya kuelezwa kwamba pengine damu ile ingeweza kupunguzwa kasi na mtu aliyejua la kufanya, alianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza yanayoitwa RISC, mahususi kwa wanaojitegemea wanaofanya kazi kwenye vita.

Nami niliwahi kutumwa kupiga picha za ghasia na chombo ambacho hakikunipa hata bandeji. Baadaye nilijilipia mafunzo ya siku nne. Tulifundishwa kufunga mkanda wa kubana damu kwenye paja la mwenzako, si kwenye jeraha lenyewe bali juu yake upande wa kiunoni, na kukaza kijiti chake hadi damu isimame. Mara ya kwanza nililegeza, kwa sababu mwenzangu alilalamika anaumia. Mkufunzi akaniambia: ukilegeza kwa huruma, anakufa. Nikakaza.

Kwa hiyo mimi nasema iwe lazima. Na anayekutuma ndiye alipe, hata kama hajakuajiri.

Mwalimu wa uandishi

Nichangie kidogo tu. Tunaongea kana kwamba mafunzo ni ya kuzuia makosa. Yapo pia ya kufungua habari ambazo bila ujuzi usingezifikia. Nyaraka za Panama, yaani nyaraka za siri zilizovuja kutoka kampuni ya wanasheria ya Panama kuhusu kampuni zinazotumika kuficha fedha nje ya nchi, habari zake zikachapishwa mwaka 2016, zilikuwa zaidi ya milioni 11, na waandishi zaidi ya 370 kutoka nchi nyingi walizichambua pamoja. Rundo kama lile halisomwi ukurasa kwa ukurasa. Ilibidi waandishi wajifunze mitambo ya kutafuta ndani ya nyaraka, na wajifunze kulindiana siri kwa kompyuta. Sasa imeingia akili mnemba, inayotengeneza sauti na picha za watu kusema wasiyoyasema. Mhariri bora wa miaka ishirini iliyopita hawezi kukufundisha hilo mezani, kwa sababu halikuwepo.

Mleta mada

Nashukuru, na nimejifunza. Ndugu mhariri, suala la pointi nakubali umenishinda. Nimekuwa nikiwaza saa na siku, na kitu kinachohesabika kwa saa ni rahisi sana kukighushi. Basi wajibu wa mwenye chombo utimizwe pia kwa kumlipa mhariri wa kukaa na waandishi. Karatasi yako ya vijiduara ihesabike kuwa mafunzo, na atakayepunguza wahariri wake awe amevunja wajibu sawasawa na asiyempeleka mtu darasani.

Ila nisiache jambo moja. Mhariri wako alikuita kwa sababu alikuwa mtu mwema na siku ile alikuwa na dakika tano. Waandishi wangapi hawakuitwa? Ndiyo maana siwezi kuliachia hili liendeshwe kwa wema wa mtu mmoja mmoja.

Mwandishi wa kujitegemea, nakuunga mkono. Chombo kinachokuagiza kiweke sehemu ndogo ya kila malipo kwenye mfuko wa pamoja, na mfuko huo ukulipie mafunzo popote unapoandikia. Na kwa kazi za hatari, mafunzo yatangulie safari. Hapo sina nafasi ya kulegeza.

Mhariri wa dawati

Kuhusu wahariri tumeelewana. Sasa nijibu hili: chumba changu kina waandishi watatu. Mmoja akienda mafunzo wiki nzima, wawili wanabeba ukurasa wote. Juma hilo hilo ndilo watakalofanya makosa ya uchovu.

Mleta mada

Hapo sina jibu zuri. Ninachoweza kufikiria ni vyumba vidogo kuazimana mwandishi, mmoja wa kwenu akiwa mafunzoni, wa jirani anakuja kuziba nafasi, na zamu ya jirani ikifika mnamrudishia. Ni washindani, najua. Mimi niko tayari kuanza: nileteeni mmoja wenu kwa wiki moja, nimfundishe majedwali, na mimi nije kuandika ukurasa wake.

Mhariri wa dawati

Wiki ya pili ya mwezi ujao tuna nafasi. Nitamleta yule wa habari za biashara, ndiye anayehitaji zaidi. Wewe utakuja na kompyuta yako au tukuandalie?